Tundu la Nane

Mkanda ulitoka mzingani. Usicheke.
Nilikuwepo. Baba alifunua mzinga wa tatu,
ule ambao miaka yote tulikatazwa kuugusa,
akapenyeza vidole chini ya ubao wa sakafu
na kuvuta ngozi iliyojikunja kama konokono,
bizimu lake la shaba limezibwa na nta
hata ua la yungiyungi halionekani.
Ilikuwa masika, baada ya baridi ile
Brno nzima ilipotikisa funguo uwanjani
na wakubwa wakaondoka.
Nyuki mmoja alimuuma shingoni. Hakujipangusa.

Leo anauvaa Vendula.
Shati jipya, skafu mpya, vyote vinanukia duka,
ila mkanda wa dukani ameukataa:
"Wa babu, au siendi kambini."
Amesimama jikoni, mikono juu kama mateka,
nami nimepiga magoti nikikitafuta kiuno
cha mtoto wa miaka kumi na mmoja anayekula kama shomoro.
Husemwa nguo ya kuazima haisitiri.
Huu si wa kuazima, ni wa kurithi,
na bado umemteleza mpaka magotini.

Anahesabu matundu kwa ukucha.
Matano ya kiwandani, mviringo, yamepangana kwa adabu.
La sita limekwenda upande, limechimbwa kwa kisu:
Otakar, miaka kumi na minne, vita vimekwisha,
mkanda ni wa kaka yake ambaye hakurudi
na njaa bado imo mbavuni.
La saba liko mbali, karibu na ncha:
sitini na nane, Otakar kanenepa
kwa madonge ya unga na kwa furaha,
anawafundisha wavulana wa mtaani kufunga mafundo.
Miaka miwili tu.
Kisha mzinga.

"Na lako, mama? Lako ni lipi?"

Birika likachemka, likajizima lenyewe.

Langu, mwanangu, halipo.
Mimi nilivaa skafu nyekundu ya watoto wa chama,
na aliyeipiga pasi kila Mei Mosi
ni huyuhuyu Otakar,
kwa kitambaa kibichi, pembe kwa pembe,
bila neno, bila kunitazama machoni.
Nilidhani ananionea fahari.
Nikaimba kwa nguvu zaidi.
Mkanda ulikuwa hatua arobaini kutoka kitandani kwangu,
nyuki wanapita juu yake wakienda kazini,
nami nikiipaka asali yao kwenye mkate.

Vendula hajui la kusema. Yuko katika umri huo.
Anafungua droo, analeta nyundo.
Tunaulaza mkanda juu ya ubao wa kukatia mkate.
Ngozi kavu inalia. Msumari wa kwanza unapinda,
wa pili unapita mpaka ndani ya mti.
Harufu inachomoka, hafifu: nta, moshi,
na kitu kama jasho la mvulana nisiyemjua.

Anafunga. Bizimu linaalika.
Ncha iliyobaki inaning'inia kama ulimi wa mbwa,
anaizungusha mara mbili, anaichomeka,
anajitazama kwenye kioo cha oveni
na kujipigia saluti, vidole vitatu,
halafu anaona aibu kwa kuwa nimemwona.

Treni iliondoka saa mbili na dakika saba.
Alipunga mkono mmoja tu;
wa pili ulikuwa umeushika mkanda, usije ukaanguka.

Ubaoni kumebaki jicho la msumari.
Nikikata mkate asubuhi, chembe huingia humo,
nami huzichokonoa kwa ncha ya kisu.
Si kila siku.
Siku nyingine naziacha.